Miaka Mitano ya Urubani Bila Kutoka Katoyi

Ninyi wadogo mnaojaza mlango wangu kila Jumamosi mkitaka kujua kama kweli niliwahi kurusha ndege, ingieni, kaeni chini, na yule mwenye viatu vya matope abaki kizingitini. Nitawaeleza. Mimi ni Nsimire, nina miaka kumi na saba, na nimestaafu. Msicheke. Wengine wanastaafu na mvi, mimi nimestaafu na chunusi. Kazi niliianza nikiwa na miaka kumi na miwili, na nimeiacha kwa sababu huu ni mwaka wa mtihani wa serikali, na Papa amesema rubani asiye na diploma anaitwa abiria.

Katika miaka hiyo mitano nimeanguka jangwani mara nyingi mpaka ngamia wa huko wangeweza kunisalimia kwa jina. Nimezama baharini. Nimegonga mnara wa kanisa moja la Ulaya, ambalo silitaji kwa heshima ya padri wetu. Na ndege ya kweli? Sijapanda. Hata ngazi yake sijaigusa. Safari zote nilizifanya hapa Katoyi, mtaa wetu wa Goma, katika chumba cha mbele cha Tantine Godelive, nikiwa nimekalia bidoni, lile dumu la maji, iliyopinduliwa.

Tantine Godelive ni mdogo wake Mama. Zamani alifanya kazi ya fonia kwenye kampuni ndogo ya ndege za mizigo. Fonia ni ile redio inayokwaruza, ya kuongea na watu walio kule simu isikofika. Kutwa nzima alikuwa anawaita marubani: uko wapi, umebeba nini, una mafuta ya saa ngapi. Kampuni ilipofungwa, bosi alimwachia kompyuta moja ya ofisi na birika la chai. Birika lilikuwa jipya. Kompyuta ilinizidi umri, na ndani yake rubani mmoja alikuwa ameacha mchezo wa kurusha ndege.

Mtu wa kawaida angecheza tu, aruke Goma mpaka Bukavu, apige kelele, aende kula. Tantine, hapana. Siku ya kwanza nilipoomba kucheza mimi na rafiki yangu Gloire, alitutazama kama tumeomba kuchezea sahani za kanisani.

"Kucheza ni ku barabara," akasema. "Hapa ni kazi. Tutafanya safari za batu ba kwanza. Vile vile walivyofanya. Saa kwa saa."

Watu wa kwanza alikuwa nao kwenye daftari. Wale marubani wazee waliokuwa wakija ofisini kunywa chai walimsimulia, naye akaandika: yule Mfaransa aliyevuka mkono wa bahari kwenda Uingereza bila dira, wale Wabelgiji watatu waliotoka kwao na ndege ya injini tatu wakaja mpaka Kinshasa, safari iliyokula karibu miezi miwili kwa sababu ya kuharibika, kungoja na kutengeneza. Tantine akachukua plasta ya kidonda akafunika nusu ya chini ya skrini, pale mashine inapokuonyesha uko wapi. Tukabaki na dira, saa ya ukutani, na daftari la mistari.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kazi. Kama huoni ulipo, unahesabu. Umeruka mwendo gani, kwa muda gani, umeelekea wapi, upepo unakusukuma upande gani. Unaweka nukta kwenye ramani unasema, niko hapa. Baada ya robo saa unaweka nyingine. Sheria ya Tantine ilikuwa: andika saa kwanza, ogopa baadaye. Mimi nilikuwa naogopa kwanza. Ndiyo maana mara yangu ya kwanza kuvuka ule mkono wa bahari nilisahau kuandika saa, nikatafuta Uingereza, nikaipata Uholanzi. Gloire, ambaye ndiye alikuwa mtu wa ramani, alisema hata huko kuna watu, tutue tu.

Kosa kubwa zaidi nililifanya nyumbani. Siku moja Tantine alitupa ruhusa turuke Bukavu mpaka Goma, kupumzika kidogo na jangwa. Nikaja vizuri juu ya ziwa, nikashusha magurudumu, nikatua taratibu kama unaweka yai mezani. Ndege ikaenda, ikaenda, ikasimama mwisho kabisa wa uwanja, upande wa kaskazini. Gloire akapiga makofi.

"Pole sana," Tantine akasema. "Mumekufa bote."

"Tumekufa nini, Tantine? Si imesimama!"

"Imesimama wapi?"

Nikamwonyesha. Akacheka mpaka akavua miwani. Huo mchezo uliandikwa kabla ya volkano ile ya kabla hatujazaliwa, ile iliyopita katikati ya mji na kufunika kipande cha uwanja wa ndege. Kwenye mashine, uwanja ulikuwa bado mrefu. Mimi mtoto wa Goma, ninayeenda shule juu ya mawe ya lava, ninayefulia juu ya lava, ambaye choo chetu kimechimbwa miezi mitatu kwa sababu ya lava, nilikuwa nimeisahau lava. Tantine akakata plasta nyingine akaibandika juu ya kile kipande cha skrini. "Mashine haijui volkano," akasema. "Wewe unaijua."

Volkano ya pili nayo haikungoja mashine iijue. Nilikuwa na miezi michache tu kazini. Siku chache baada ya moto kushuka, ardhi ikiwa bado inatetemeka, asubuhi wakubwa wakatangaza tuhame. Mji mzima ukaingia kwenye barabara ya Sake. Kila mtu alibeba kitu chake cha thamani. Papa alibeba karatasi za nyumba. Mama alibeba sufuria kubwa, na ndani ya sufuria watoto wa jirani walikuwa wametia kuku. Mimi nilibeba usukani. Usukani wetu ulikuwa mpini wa chukudu, ile pikipiki ya mbao ya kusukumia mizigo, ambao Gloire alikuwa ameufunga nyaya na kuuchomeka kwenye kompyuta. Niliuviringisha kwenye kitenge nikaukumbatia kifuani.

Karibu na Sake mama mmoja mwenye mwavuli akaniita. "Binti, wewe mudogo hivi, na mutoto muchanga? Kuya hapa ku kivuli." Akanisogezea jiwe nikae. Akanipa andazi. Nikala. Mngefanyaje? Akaanza kuomba amwone mtoto. Nikasema amelala. Akasema uso tu. Nikasema ana aibu. Mama yangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na yule kuku ndani ya sufuria, akasema kwa sauti ya upole sana, "Mwonyeshe, Nsimire. Mwonyeshe mujukuu wangu." Nilimwonyesha. Yule mama aliuangalia ule mpini wa chukudu, akaniangalia mimi, akasema, "Amefanana na baba yake." Mpaka leo sijui kama alikasirika. Andazi hakulidai.

Mama yangu ndiye huyo. Mumkumbuke, kwa sababu nilichotaka kuwaambia kinamhusu.

Mwaka uliofuata tulikuwa katika safari ya wale Wabelgiji. Hiyo ilitusumbua kuliko zote kwa sababu ya sheria ya umeme. Tantine alisema watu wa zamani hawakuwa na pa kuhifadhi safari, kwa hiyo umeme ukikatika, ndege imepata ajali pale pale. Unarudi uwanja wa mwisho uliotua, unaanza tena. Na umeme wa Katoyi mnaujua. Jangwa peke yake lilituchukua miezi. Lakini kulikuwa na sheria nyingine juu ya hiyo, aliyotoka nayo kwenye fonia. Wakati mwingine kompyuta yenyewe ilikuwa inazimika skrini dakika kumi, ishirini, huku ndani injini bado zinanguruma. Mimi nilikuwa natupa mikono: basi, tumeanguka!

"Nani amesema?" Tantine alikuwa ananikemea. "Ndege isiyosikika haijaanguka. Imenyamaza tu. Mafuta yake ni ya saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu."

"Imeruka saa ngapi?"

"Mbili."

"Basi iko hewani. Endelea kuandika."

Kule ofisini hivyo ndivyo walivyofanya. Rubani akinyamaza, hakuna kulia, hakuna kumwita mke wake. Unahesabu mafuta mpaka yaishe kwenye karatasi, kisha unaongeza nusu saa. Ile nusu saa Tantine aliiita nusu saa ya adabu.

Alhamisi moja Mama akaenda Kiwanja, mji ulio kaskazini yetu, kununua maharagi, kama alivyokuwa akifanya kila baada ya wiki mbili. Ni kilomita sabini na kitu. Unaenda leo, unalala, kesho unarudi. Ijumaa hakurudi. Ijumaa hiyo hiyo watu wakaanza kusema barabara imekatwa, waasi wameshuka mpaka barabarani, hakuna gari linalopita. Tukapiga simu yake. Ile sauti ya mwanamke wa mtandao ikatuambia habari zake za kila siku. Tukapiga mpaka Papa akaniambia nisipige tena, betri ya Mama itaisha, kana kwamba betri ya Mama ilikuwa inatusikia.

Jumamosi wanawake wa jirani wakaanza kuja na viti vyao. Mnajua maana ya kuja na kiti. Mmoja akashika kichwa, mwingine akaanzisha wimbo wa kanisani, ule wa taratibu. Papa, ambaye ni karani na hajawahi kuosha hata kijiko, alikuwa uani akisugua sufuria. Alikuwa amemaliza chafu, sasa alikuwa anasugua safi.

Tantine Godelive akaingia, akasikia wimbo, akasimama katikati ya nyumba.

"Ba mama, mumekuya ku matanga ya nani?"

Aliyeshika kichwa akakiachia.

"Hapa hakuna matanga. Mafuta haijaisha. Mwenye kutaka kuimba aende ku koroli ya kanisa." Akavishika viti vyao kimoja kimoja akavitoa nje. Mmoja alikuwa bado amekalia chake.

Kisha akatuita, mimi, Gloire na Papa na sabuni yake mkononi. Akafungua daftari la safari, ukurasa baada ya ule wa Wabelgiji, akaandika jina la dada yake juu kabisa, pale tunapoandikaga aina ya ndege. *Imetoka: Goma, Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi. Imebeba: mfuko mmoja, simu, khanga mbili.* Alikuwa anaandika polepole, herufi nzuri za ofisini.

"Mwendo?" akauliza.

Mimi nikarukia, si mimi ndiye rubani? Nikachukua rula, nikaiweka kwenye ramani, Kiwanja mpaka Goma, mstari mmoja. "Kwa mguu, kilomita nne kwa saa, siku mbili atakuwa hapa. Kesho!"

Gloire akaangalia rula. Yeye amezaliwa Kiwanja, nyanya yake yuko huko mpaka leo. "Commandant," akaniambia, "huyu Mama yako anapita juu ya volkano?"

Kweli. Mstari wangu ulipita katikati ya mbuga, ukapanda mlima, ukapita karibu na shimo la moto, ukashuka. Papa akatoa sauti moja ya ajabu. Kilikuwa kicheko kilichokosea njia.

"Hawezi kushuka kusini," Gloire akasema. "Huko ndiko kubaya. Batu ba kwetu wakikimbia, wanaendaga Ishasha, wanaingia Uganda. Halafu wanazunguka Kisoro, wanapita Rwanda, wanatokea Gisenyi, hapa ng'ambo ya mpaka."

"Wanazunguka kote huko?"

"Kama wana miguu."

Tukaanza kuhesabu tena. Tantine akauliza, ametembea au amepanda? Hapo ndipo nilipokuwa na kitu cha kusema ambacho hakimo kwenye ramani. "Mama ameshanunua maharagi," nikasema. "Hayaachi." Papa akatikisa kichwa: hayaachi. Wakati wa volkano hakuacha kuku wa watu, ataacha maharagi yake? Kwa hiyo haendi pasipopita lori. Anangoja lori. Anabishana na dereva. Analala juu ya magunia. Siku moja mpaka Ishasha, siku moja ya kubishana mpakani, siku moja na nusu Uganda, nusu ya Rwanda. Kwenye daftari, kuanzia Ijumaa, alikuwa anatokea Jumanne mchana.

"Na mafuta?" Papa akauliza. Alikuwa amejifunza haraka.

Tantine alikaa na kalamu bila kuandika. Nilimwona, mwenzenu, mwanamke aliyekuwa akiuliza swali hilo mara mia kwa siku kwa watu asiowajua. Akaandika *6*. Siku sita tangu Alhamisi.

"Andika saba, shemeji," Papa akasema.

"Mafuta haiongezwi kwa kuomba."

"Saba."

"Sita," Tantine akasema. "Na nusu saa."

Akaenda kuchemsha chai. Nikashika kalamu. Wadogo zangu, nimefanya ujinga mwingi kwenye daftari lile, nimechora mwalimu wa hesabu akiwa na mkia, lakini huu ndio peke yake nisioujutia: ile 6 niliifunga kwa mviringo mmoja juu ikawa 8. Tantine aliporudi akaiona. Akamimina chai.

Jumapili, Jumatatu. Kila robo ya siku tuliweka nukta. Yuko Ishasha. Yuko juu ya lori. Amelala. Mimi nilikuwa naweka nukta hata darasani, mwalimu alinitoa nje, nikaziendeleza nje. Ukiweka nukta unakuwa na mtu. Ukiacha tu kuweka, kuna kiti cha jirani kinakungoja.

Jumanne tukaenda mpakani sote wanne, na Papa amevaa suti. Tulisimama Grande Barrière, ile ya magari na watu wakubwa, tangu saa mbili asubuhi. Kuchagua hapo ilikuwa akili yangu. Nilisema, mzigo mkubwa, uwanja mkubwa. Saa sita ikafika. Saa saba. Kila gari lililopita Papa alinyoosha tai. Saa nane Tantine akaanza kuangalia saa yake kwa ile namna ambayo sikuipenda. Saa tisa Papa akasema turudi, labda kuna simu, ingawa simu zote tulikuwa nazo mifukoni.

Tulirudi kwa miguu. Kwenye kona yetu nikawaona wanawake wa jirani wamesimama tena, na viti vyao. Nikasimama. Papa hakusimama. Aliendelea na mwendo ule ule, kama mtu anayeenda kutia sahihi.

Halafu nikasikia:

"Na ufunguo! Hata ufunguo hamuachi! Nimekaa ku mlango wangu kama mwizi tangu saa ine, na simu imezimika!"

Mama alikuwa ameketi kizingitini juu ya magunia mawili, khanga imejaa vumbi la nchi tatu, kiatu kimoja si chake. Wanawake walikuwa wamemletea viti akakataa, hakutaka kushuka kwenye maharagi.

"Umepita wapi?" Papa akauliza.

"Petite Barrière! Kwani nipite wapi na magunia, ku Grande Barrière kama balozi? Mfanyabiashara anapita pa wafanyabiashara! Na wewe mbona na suti? Nani amekufa?"

Hapo Papa akakaa chini, kwenye lava, na suti yake, akaweka uso kwenye magoti ya Mama. Mama akamwangalia kisogo, hasira ikamwishia taratibu kama maji ya bomba. Akamwekea mkono. "Basi," akasema. "Basi, baba Nsimire. Si niko."

Mimi sikukimbia kumkumbatia kwanza. Naona haya kusema: nilikimbilia daftari ndani ya mfuko wa Tantine, nikaandika saa. Kisha ndiyo nikaogopa, zile siku tano zote kwa pamoja, nikalia mpaka Gloire akajifanya anahesabu magunia.

Mama akalichukua daftari. Akasoma ukurasa wake wote, nukta kwa nukta, kidole kikifuata: Ishasha, ndiyo, lori, ndiyo, dereva mjinga, Kisoro, ndiyo, mvua. Akafika kwenye mwendo. "Kilomita ine kwa saa? Mimi? Nani ameandika hii matusi?" Tantine Godelive, ambaye tangu Jumamosi hakuwa ametoa chozi, alicheka na kulia pamoja akashindwa kushika kalamu, kwa hiyo Mama mwenyewe akafuta ile nne akaandika sita.

Kinshasa tulitua wiki tatu baadaye. Tulikuwa tumeingoja karibu mwaka, na Gloire alikuwa amenunua biskuti. Nilitua, ndege ikasimama, nikapiga miayo. Mnisamehe. Siku aliyorudi Mama nilikuwa nimemaliza shangwe zote nilizokuwa nazo.

Ile Jumanne Mama alikula, akaoga, akalala saa kumi jua likiwa kali. Na Mama yangu anakoroma, sitawaficha, ukuta unatikisika. Watu walikuwa wanakuja kusalimu, wanasikia ile ngurumo inatoka chumbani, wanashika midomo. Mimi na Gloire tulikuwa tumeshaanza kucheka. Papa, bado ndani ya suti yenye vumbi la lava, alivuta bidoni akaketi mlangoni pa chumba, akatugeukia na kidole mdomoni.

"Nyamazeni," akasema. "Nyamazeni tusikie."